Mkwe Upande wa Pili wa Ukumbi

Isubo, Mbeya
14 Januari 2024

Mdogo wangu Tusajigwe,

Huku tu wazima, mvua haitaki kutuacha na migomba imenawiri. Wewe najua u mzima kwa sababu Anord kondakta anasema chapati zako bado zinasimamisha mabasi hapo Nyololo. Kwa hiyo niende kwenye jambo.

Unalijua boma la zahanati yetu. Tofali tulifyatua wenyewe, tukachoma wenyewe, na kina mama wakabeba mawe ya msingi kutoka mtoni. Halmashauri ya Kalambwe ikaahidi kuezeka. Bajeti ikapitishwa, mimi mwenyewe nikanyoosha mkono ukumbini na kupiga makofi. Tangu hapo kuta ziko wazi, mvua inazilamba, na wajawazito wanaendelea kushushwa mlimani kwa bodaboda. Sasa nimepeleka swali la maandishi kwa Mkurugenzi, lijibiwe kwenye baraza la Februari: je, ni lini fedha za kuezeka zahanati ya Isubo zitatolewa? Swali la namna hiyo hujibiwa na mkuu wa idara ya fedha, yaani Mweka Hazina.

Sikiliza basi. Mweka Hazina wa zamani amehamishwa. Mpya ameripoti wiki iliyopita. Ni Damari. Damari wetu, mke wa mwanangu Asukile.

Nimekuwa diwani awamu mbili, nimebishana na wakubwa wa kila aina, na usingizi sijawahi kuukosa. Wiki hii nimeukosa. Binti yule ametoka Kilolo, kwa Wahehe, ambako mwiko wa baba mkwe na mkamwana kuonana hawaushiki kwa ukali wa kwetu, lakini ameishika mila ya Kinyakyusa kuliko mabinti wa hapa hapa. Akisikia kikohozi changu uani, anaingia jikoni. Hajanitazama usoni tangu siku ya harusi, jina langu hajalitamka, na chumba kimoja hatujawahi kukaa. Familia nyingi zimeshaacha. Mimi na mama Asukile hatujaacha, na yeye hakutuomba tuache.

Sasa ukumbi wa Kalambwe nimeshakusimulia ulivyo. Madiwani upande huu, wakuu wa idara upande ule, tunatazamana kama timu mbili za mpira. Nitamwulizaje mkamwana wangu mbele ya watu? Na yeye atasimamaje?

Simu usipige. Mtandao huku uko juu mlimani tu, na ukipanda huko unaongea kijiji kizima kikisikia. Andika, mpe Anord.

Mguu ulioanza kuniuma kwenye ile ziara ya madiwani ya Tanga bado unanisumbua nikikaa sana.

Kaka yako,
Gwakisa


Nyololo, Mufindi
20 Januari 2024

Kaka Gwakisa, shikamoo.

Barua yako nimeisoma huku nageuza chapati, nikaunguza mbili. Nilicheka peke yangu mpaka madereva wa malori wakaniuliza, mama Yusta, umepata mchumba? Nikawaambia sijapata mchumba, nimepata kesi ya ukwe.

Unisamehe kwa kucheka. Najua kwako si mchezo. Mimi niliondoka Unyakyusa nikaolewa na Mhehe, na baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, siku ya kwanza tu alinivutia kigoda nikae naye tule ugali. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikaa nimegeukia ukuta, na ule ugali sijui uliingia kwa mdomo au kwa pua. Kwa hiyo najua mwili unavyokataa.

Lakini hebu fikiri, bwana shamba mstaafu. Huko barazani si husema "kupitia kwako, Mheshimiwa Mwenyekiti"? Basi humwulizi Damari. Unamwuliza Mwenyekiti. Na yeye hatakujibu wewe, atamjibu Mwenyekiti. Jina lako halitaji, atasema "Diwani wa Isubo". Waliotunga taratibu hizo ni kama walikuwa na wakwe nyumbani! Kuhusu macho, si kuna nguzo humo ukumbini? Mwombe karani akuhamishe kiti, ukae nyuma yake. Watacheka, wacheke.

Ila swali uliza, kaka. Usije ukaufanya ukwe kichaka cha kujifichia.

Na huo mguu upake mafuta ya moto. Hukwenda Tanga kucheza ngoma, ulikwenda kusoma.

Mdogo wako,
Tusajigwe


Kalambwe
17 Februari 2024

Shangazi Tusajigwe, shikamoo.

Samahani kwa kukuandikia ghafla. Simu yako najua iko kaunta na kila mteja anasikia, na yangu ya ofisini ina wasikilizaji pia. Asukile yuko Iringa anasahihisha mitihani. Nikimweleza anasema tu "ongea na shangazi".

Swali la Baba limefika mezani kwangu. Lilikuwa jalada la kwanza Jumatatu. Nilipoona jina la aliyeuliza nilifunga macho, nikalifunika kwa kiganja, ndipo nikasoma swali lenyewe. Niliona aibu kama nimemkuta mtu anaoga.

Jibu nimepewa na Mkurugenzi, limeshachapwa. Linasema: "Fedha hizo ziko kwenye mchakato na zitatolewa kadiri zitakavyopatikana." Nilimwuliza kama tunaweza kuandika kitu kilichonyooka zaidi. Akanijibu kwa upole, mama, wewe ni mgeni, hapa ndivyo tunavyojibu. Mengine sitaki kuyaandika leo.

Naomba unisaidie mambo mawili. Je, ni kosa kubwa mimi kusimama chumba kimoja na Baba, hata kama ni kazi? Na nivae nini? Suti ya kazi nitaivaa, lakini nimewaza nijitande na kitenge juu yake. Wenzangu watashangaa, ila nikiwa nacho nitahisi nimejificha kidogo.

Nakuheshimu sana,
Damari


Nyololo
21 Februari 2024

Damari mwanangu,

Marahaba. Jitande. Suti ni ya serikali, kitenge ni cha kwetu. Simama umtazame Mwenyekiti tu, kama vile ukumbi mzima hauna mtu mwingine. Hilo si kosa, ni kazi, na mama mkwe wako ameshasema hivyo hivyo.

Hayo "mengine" usiyotaka kuyaandika, siku ukitaka mimi nipo.

Shangazi yako,
Tusajigwe


Isubo
2 Machi 2024

Mdogo wangu,

Baraza limepita na mimi nina aibu.

Kiti nilihamishiwa nyuma ya nguzo kama ulivyoshauri. Waheshimiwa walicheka kidogo, wakazoea. Swali langu likasomwa. Damari akasimama. Nilikuwa natazama ukuta, lakini sauti nilikuwa sijawahi kuisikia kwa ukaribu ule. Ni sauti nzuri, ya mtu aliyesoma. Akasema fedha ziko kwenye mchakato. Wewe na mimi tunajua maana ya mchakato. Ni chungu kilichowekwa jikoni bila moto.

Mwenyekiti akasema, "Diwani wa Isubo, una swali la nyongeza?" Ninalo! Nilikuwa nimelala nalo usiku mzima. Nikasimama. Kutoka nyuma ya nguzo nikaona pindo la kitenge na ile karatasi mkononi mwake, inatetemeka. Mdogo wangu, lile swali nikalimeza. Nikasema, "Nimeridhika, Mheshimiwa Mwenyekiti." Nikakaa.

Nimeridhika! Neno hilo sasa limo kwenye muhtasari wa kikao. Na nyuma ya ukumbi walikuwepo watu wa Isubo, wamepanda gari alfajiri kuja kunisikiliza. Tulirudi gari moja. Hakuna aliyeniombea nafasi ya kunyoosha mguu.

Kaka yako,
Gwakisa


Kalambwe
5 Machi 2024

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Namshukuru Mungu, yamekwisha. Nilijua Baba ana swali la pili, kila mtu alijua, na Mkurugenzi alikuwa ameshaanza kujifuta jasho. Baba akasimama, akasema ameridhika, akaniachia. Nilirudi nyumbani nikalia kwa furaha. Amenihurumia mbele ya watu wote, mimi mtoto wa watu. Asukile naye amefurahi.

Kumshukuru kwa mdomo siwezi. Kwa hiyo nimemwagiza dereva mmoja wa pikapu anayepitia Rujewa, amenunua gunia la mchele mzuri, nimelituma Isubo kwa Mama na Baba. Naomba umwambie Baba kwamba nimeuona wema wake.

Mwanao,
Damari


Nyololo
8 Machi 2024

Damari,

Kama hilo gunia bado liko njiani, mpigie dereva ageuze. Nitakueleza baadaye. Mpigie sasa hivi.

Shangazi


Isubo
18 Machi 2024

Tusajigwe,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani, mlango nimefunga, jambo ambalo sijawahi kulifanya mchana.

Alhamisi, siku ya soko, saa sita, pikapu imesimama mbele ya maduka. Dereva akapaza sauti: "Mzigo wa Mheshimiwa Diwani! Umetoka kwa Mweka Hazina!" Gunia zima la mchele. Watu wakaacha kununua nyanya. Na Jumanne ya wiki hiyo hiyo, ukuta wa magharibi wa zahanati ulikuwa umelowa ukaanguka, ule wa chumba cha kujifungulia.

Esnath, mwenyekiti wa kina mama waliobeba mawe, alikuja mpaka kibarazani kwangu. Hakufoka. Alilitazama lile gunia, akaligonga kwa kidole, akasema, "Kumbe zahanati yetu inapikika, Mheshimiwa." Akaenda zake.

Kwa nini amenifanyia hivi? Nilinyamaza kwa kumheshimu, na yeye amenilipa kama mtu aliyenunuliwa. Au ndivyo wanavyofanya huko idara ya fedha? Wiki ijayo, siku ya soko, nalirudisha gunia Kalambwe kwa gari lile lile, mchana, mbele ya watu wale wale.

Gwakisa


Nyololo
21 Machi 2024

Kaka,

Hii barua nimemkabidhi Anord mkononi na nimemwambia akichelewa hapati chai yangu mwaka mzima. Usirudishe gunia. Mimi naandika kwa haraka, wewe soma polepole.

Damari hakukununua. Msichana yule alidhani umemhurumia, akaona hana mdomo wa kukushukuru, maana mila yetu imemfunga huo mdomo. Akatuma chakula kwa wakwe zake kama mkamwana yeyote mwenye adabu. Angekuwa na nafasi ya kuongea nawe dakika mbili, gunia hilo lisingekuja. Na wewe, kama ungekuwa na nafasi hiyo, usingeridhika. Mmeheshimiana mpaka mkaumizana, na zahanati imelipia.

Unajua vizuri kuliko mimi maana ya kurudisha chakula cha mkamwana. Ukilirudisha, umemrudisha yeye kwao Kilolo. Asukile atakuja kulia kwa nani? Kwangu, na mimi nina mgahawa, sina nafasi ya kulia na mtu.

Fanya hivi. Mwite Esnath na wenzake. Mwambie mama Asukile atoe sufuria zote. Siku watu watakapokwenda kuusimamisha ule ukuta, mchele wote upikwe pale pale, mbele ya macho ya watu, na mama Asukile aseme waziwazi kwamba ni chakula cha mkwe wake. Usibakishe hata wa uji.

Halafu mwezi wa tano uliza swali lako. Lote.

Tusajigwe


Kalambwe
20 Aprili 2024

Shangazi, shikamoo.

Mama mkwe alinipigia simu akanieleza habari za gunia, na jinsi watu wa Isubo walivyokula wali wakajenga ukuta siku moja. Alikuwa anacheka. Mimi nilitamani kufa. Nilidhani natoa shukrani, kumbe nilikuwa namvua Baba heshima yake sokoni. Sikufikiria hata kidogo kwamba mimi ni Mweka Hazina; nilijifikiria ni mkamwana tu. Nisamehe, na uniombee msamaha.

Sasa nitakuandikia yale mengine.

Fedha za zahanati ya Isubo hazipo kwenye mchakato wowote. Hazipo kabisa. Zilitoka kabla sijaja. Nilipokabidhiwa ofisi nilikuta kifungu kimehamishwa na zimelipa ziara ya mafunzo ya madiwani kwenda Tanga. Mabasi, hoteli, posho. Shangazi, Baba alikuwemo kwenye ziara ile. Kila mmoja wao aliambiwa kwamba safari ina fungu lake, na hakuna aliyeuliza. Baba ameila zahanati yake mwenyewe bila kujua.

Siku ile barazani karatasi ilinitetemeka mkononi, na sasa unaelewa kwa nini. Sikuwa namwogopa Mkurugenzi. Nilijua Baba akiuliza zaidi, nitalazimika kumjibu, na jibu ni yeye.

Baraza ni wiki ya tatu ya Mei. Karatasi ya Mkurugenzi naweza kuisoma kama ilivyo, na nilishaisoma mara moja. Lakini swali la nyongeza hujibiwa hapo hapo kwa mdomo, na kwa kazi yangu nikiulizwa fedha ziko wapi siwezi kusema uongo mara ya pili. Nikisema kweli, kazi hii sina. Hilo nimeshalikubali. Lisilokubalika moyoni ni hili: uso wa baba mkwe wangu sijawahi kuutazama, halafu nisimame mbele ya watu mia nimvue nguo?

Mkurugenzi ameniita juzi akaniambia naonekana nimechoka, nichukue likizo wiki hiyo, msaidizi wangu atasoma majibu. Nimeshajaza maombi. Sijayapeleka.

Niambie la kufanya. Nitalifanya.

Damari


Isubo
28 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Wali ulikuwa mzuri. Hata Esnath alirudia.

Swali langu nimelipeleka upya. La nyongeza nimeliweka kichwani, fupi, la mkulima: fedha za zahanati ya Isubo zipo au hazipo, na kama hazipo zilikwenda wapi? Neno mchakato halina pa kuingia hapo. Safari hii sitakaa nyuma ya nguzo. Nimemwambia karani anirudishe kiti changu.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Ninyi wawili mnaandikiana, Anord ameniambia, mdomo wake unaujua. Kwa hiyo nakuuliza wewe kama dada yangu. Kuna jambo ambalo natakiwa kulijua kabla sijasimama? Kama lipo, niambie sasa. Mimi ni mzee, sipendi kushtukizwa mbele ya watu.

Gwakisa


Nyololo
4 Mei 2024

Damari mwanangu,

Likizo usichukue. Akiuliza, jibu.

Shangazi yako,
Tusajigwe


Nyololo
4 Mei 2024

Kaka Gwakisa, shikamoo.

Umeniuliza kama kuna jambo. Mimi nauza chapati. Uliza ukumbini, huko ndiko kwenye wa kujibu.

Tusajigwe


Isubo
19 Mei 2024

Tusajigwe,

Nimeuliza na nimejibiwa.

Damari alisoma ile karatasi yao kwanza, mchakato na maneno yake yote. Mwenyekiti akaniita. Nikasimama mahali pangu, nikatazama saa ya ukutani juu ya kichwa cha Mwenyekiti, nikauliza kama nilivyokuandikia. Mkurugenzi akaanza kuinuka, akasema swali hilo litajibiwa kwa maandishi. Sauti ya Damari ikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, jibu ninalo."

Akasema fedha hazipo. Akasema zilihamishwa na kulipia ziara ya mafunzo ya Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri hii. Akakaa.

Nilikwenda kuuliza mwizi ni nani, nikaambiwa ni mimi.

Sikukaa. Nilikuwa najiona Tanga, mezani hotelini, nimeongezewa samaki kwa mara ya pili, nawaambia wenzangu kwamba serikali yetu kweli inatujali. Halafu nikauona ule ukuta wa magharibi. Nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nilikuwemo. Naomba posho zangu zikatwe kuanzia leo mpaka zahanati iezekwe, na naomba Baraza liamue hivyo kwa wote." Ukumbi ulichafuka. Mmoja akapiga meza kwamba nimeleta ugomvi wa nyumbani kwangu barazani. Mwingine akasema mkwe wangu amenianika kwa kuwa nilikula mchele wake. Hilo liliniuma, siwezi kuficha. Hoja imepita kwa kura chache sana, na suala la Mkurugenzi limepelekwa mkoani.

Watu wa Isubo tulirudi nao gari moja. Niliwaambia yote kabla hawajauliza. Esnath alinisogezea begi lake niweke mguu.

Lakini wewe ulijua. Nilikuuliza kama dada yangu, na ulijua, ukaniacha niende nikavuliwe nguo. Nataka kusikia kwa nini.

Na kwa Damari, sijui nimpe pole au nimpe asante. Kwa jinsi tulivyo, siwezi kumpa chochote.

Gwakisa


Nyololo
23 Mei 2024

Kaka,

Nilijua. Wiki mbili sikula vizuri, na mimi unanijua kwa chakula.

Ningekwambia, ungefanya nini? Ungekwenda usiku kwa Mwenyekiti, mngeongea kama wazee, mngelipanga vizuri, na kuta zingeendelea kulambwa na mvua. Nakujua wewe ni mwema. Wema wako ndio niliouogopa. Ulisharidhika mara moja.

Kama umenikasirikia, kasirika. Chai yako iko palepale siku ukipita.

Nakupenda, kaka yangu.

Tusajigwe


Iringa
29 Juni 2024

Shangazi, shikamoo.

Sasa niko Iringa na Asukile. Ukuu wa idara nimevuliwa, kama tulivyotegemea. Nimepangiwa kazi ya mhasibu wa kawaida mkoani huku, meza yangu iko karibu na mlango na kila anayeingia ananiuliza choo kiko wapi. Siku za kwanza nilikuwa najificha kulia. Miaka ile yote ya mitihani, halafu naonyesha watu choo. Sasa nimeanza kuzoea, na Asukile ananipikia.

Kabla sijaondoka Kalambwe nilikwenda Isubo kumuaga Mama. Zahanati imeshapandishwa kenchi za paa, na mafundi walikuwa juu wanagonga. Esnath alinikumbatia katikati ya barabara na kunipa mbegu za maboga. Kwa Mama nilikaa mpaka mchana. Baba alikuwa ameondoka alfajiri kunipisha, kama kawaida yake, na mimi nilishukuru, maana sikujua ningefanya nini nikimsikia akikohoa. Tangu siku ile barazani nilikuwa sina hakika kama bado mimi ni mtu wa nyumba ile. Mama alisema ndiyo, lakini Mama ni mpole kwa kila mtu.

Saa nane nikaanza kushuka kwenda stendi. Unaijua ile njia ya chini, nyembamba, ina migomba pande zote mbili. Nilipokunja kona nikamwona Baba anapanda. Alikuwa karibu sana. Mimi ndiye wa kutoka njiani, hata mtoto mdogo wa Isubo anajua. Mkwe akija, mkamwana anaingia majanini, anageuka, anajifunika, mpaka baba mkwe apite. Nilishaanza kushusha begi niingie migombani.

Baba akawahi. Alitoka njiani yeye. Aliingia kwenye migomba na ule mguu wake mbovu, kwenye matope, akanigeuzia mgongo, akavua kofia akaishika kwa mikono miwili kifuani. Akasimama hivyo, anasubiri.

Mwanamke mmoja aliyekuwa analima shamba la jirani aliacha jembe akatutazama. Nilidhani Baba ataona amekosea, atatoka. Hakutoka. Mvua ndogo ilikuwa inamwangukia kwenye kipara na hakuivaa ile kofia.

Basi nikapita, shangazi. Nilinyanyua begi langu nikapita katikati ya njia, nalia, sikukimbia, mpaka nikafika stendi.

Mwanao,
Damari